Kinachocheza na Kisichocheza

Neno linalotamkwa zaidi chini ya pikapu iliyoinuliwa kwa jeki ni kucheza. Beringi inacheza, bolijointi inacheza, tairodi inacheza. Mguu wa mbele umeundwa ili tairi lipande na kushuka, mikono ikunjike kwenye bushi zake na bolijointi izunguke ndani ya kikombe chake, lakini kusiwe na chochote kati ya hivyo kinacholegea hata kwa unene wa ukucha. Gari likianza kugonga kwenye kila tuta, mpaka huo umeshavukwa. Kuufumua mguu na kubadilisha vilivyochakaa ni kuurudisha mpaka mahali pake, na ndiyo maana mafundi wa zamani waliihesabu kazi hii kuwa kipimo cha mkono.

Kwa miongo mingi darasa la kazi hiyo Afrika Mashariki limekuwa Toyota Hilux. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968. Ile ya kuvuta magurudumu yote manne, iliyokuja mwaka 1979, ilikuwa na eksili nzima mbele iliyokalia springi za mabamba, ngumu kama mkokoteni na isiyo na siri nyingi. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja yenye mikono miwili kila upande na toshenibaa, fito ndefu za chuma zinazobeba uzito kwa kusokoteka, hadi koili ziliposhika nafasi hiyo miaka ya 2000. Hizo za toshenibaa bado zinashuka Lushoto na kabichi na kupanda na saruji, na miguu yake ndiyo iliyofundisha wengi.

Uchunguzi huanza kwa mikono mitupu. Fundi hushika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Kisha humwomba mtu akanyage breki, akarudia. Mchezo ukitoweka breki ikikanyagwa, mkosa ni beringi; ukibaki, ni bolijointi. Akishika kushoto na kulia anaiuliza tairodi. Bushi huulizwa kwa mtaimbo, unaoingizwa kati ya mkono na fremu na kubinywa taratibu. Tairi lenyewe nalo ni shahidi: lililolika upande mmoja linaishtaki alaimenti, lenye mabonde mabonde linaishtaki shokapu. Spana haijatoka sandukuni, na nusu ya kazi imekwisha.

Kufungua kuna adabu zake. Kabla ya kugusa bolti za kurekebishia alaimenti, alama hupigwa ili kila moja irudi pembe ileile. Toshenibaa nazo huwekwa alama zilipokalia, na ya kushoto haiendi kulia, kwa kuwa kila fito imezoeshwa kiwandani kusokoteka upande wake. Bolijointi iliyong'ang'ania haipigwi kichwani. Nati huachwa ikiwa imeshika nyuzi chache, nyundo nzito ikashikwa upande mmoja wa tundu linaloibana, nyingine ikapiga upande wa pili. Pigo hilo huliminya tundu kwa nukta moja, na bolijointi huachia yenyewe kwa mlio mmoja mkavu. Mwenye haraka hupigilia uma wa chuma katikati. Anachana mpira wa kufunika, na kama bolijointi ile ilikuwa nzima, imeanza kufa siku hiyo.

Bushi za zamani hutoka kwa shida. Palipo na mashine ya kukandamiza hutolewa kwa dakika chache. Pasipo nayo, raba huchomwa moto mpaka moshi mweusi ujaze uwanja, kisha ganda la nje hukatwa kwa msumeno wa chuma, kwa uangalifu usiougusa mkono wenyewe. Mpya huingizwa kwa jiriwa na kipande cha bomba kinacholingana na ganda, ili nguvu ipite kwenye chuma isipite kwenye raba. Kilainisho ni maji ya sabuni. Oili huteleza vizuri zaidi, lakini huila raba.

Hapo ndipo unapofika wakati unaomtenganisha fundi na mfungaji. Mikono imerudi, bolti zimepenya, spana ipo mkononi, na gari bado liko juu, magurudumu yakining'inia. Kila kitu kinaalika kukaza. Fundi hakazi. Hufunga bolti za mikono kwa kiasi cha kushikilia tu, akarudisha magurudumu, akalishusha gari mpaka likae kwa uzito wake. Kisha hulikandamiza kwa mbele mara kadhaa, lizame na kuinuka, lizame na kuinuka, mpaka mguu utulie pale utakapoishi. Ndipo hulala tena chini, mgongo kwenye boksi lililokunjuliwa, na kuzikaza sasa, katika nafasi finyu ambayo spana haigeuki hata robo ya duara.

Sababu yake imo ndani ya raba. Bushi ya namna hii haitelezi. Raba yake imegandamana na ganda la nje na bomba dogo la ndani, na bolti ikikazwa bomba hilo halisogei tena. Mkono unapopanda na kushuka, raba ndiyo inayosokoteka na kurudi. Ikikazwa mguu ukining'inia, raba huhesabu kuning'inia kuwa ndiko kupumzika. Gari likishushwa, imeshasokotwa kabla halijatembea hata hatua, na kila shimo linaongeza msokoto juu ya msokoto. Raba iliyostahili kudumu miaka huchanika mapema, na mwenye gari hulaani spea.

Kosa hilo halionekani. Gari linatoka kimya, mteja anatabasamu, hela inalipwa. Anayeijua tofauti siku ile ni fundi peke yake, akiwa amelala chini, jasho likimwingia machoni, akifanya jambo ambalo hakuna atakayemuuliza kama alilifanya.

Beringi za magurudumu zina heshima ya namna hiyohiyo. Grisi huwekwa kwenye kiganja cha kushoto, na ukingo mpana wa beringi hukandamizwa juu yake, tena na tena, mpaka grisi ichomoze upande wa pili kati ya kila rola. Kisha huzungushwa kidogo na kuanza upya. Kupaka grisi kwa nje kama siagi kwenye mkate ni kazi ya dakika moja. Humeremeta vilevile, lakini ndani mna ukavu. Na kwenye bolijointi, tundu la kotapini, pini inayoizuia nati kufunguka, lisipolingana na mfereji wa nati, nati husongezwa mbele, hairudishwi nyuma, na kotapini huwa mpya siku zote.

Mwisho huja alaimenti, na hapo kazi imetimia. Lakini siku hizi kazi nyingi hazifiki hapo. Maduka ya Gerezani na Shaurimoyo, jijini Dar es Salaam, yamejaa spea za kila bei, na feki hukaa kwenye boksi linalong'aa kuliko la orijino. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Shokapu, ambazo zilibadilishwa jozi kwa jozi ili pande mbili ziende sawa, sasa hubadilishwa iliyovuja tu. Mwenye gari hupiga simu kila nusu saa kuuliza kama tayari, na spanaboi, ambaye zamani alikaa miezi akiosha vyuma kwa petroli na kutazama kabla ya kukabidhiwa bolijointi, leo hukabidhiwa nyundo wiki ya kwanza. Anajifunza kukaza. Kusubiri hafundishwi, maana kwenye bili ya gereji hakuna mstari wa kusubiri.

Ufundi huu haujafa, ila umejificha mahali ambapo jicho la mteja halifiki. Anayetaka kumjua fundi wake asimwulize bei ya bushi. Amwulize bolti za mikono zilikazwa gari likiwa wapi: juu ya jeki, au chini.