Mgema Aliyekiri Kwamba Tembo Lake ni Maji

Wahenga walituachia onyo juu ya mgema asifiwaye. Tumelizoea hata tumesahau kuuliza: mgema mwenyewe, aonapo kwamba tembo limekwisha kuwa maji na watu wangali wanamsifu, moyo wake huwaje? Filamu fupi ya Mtaliano Federico Fellini, Toby Dammit, yenye dakika 40 hivi, inatoa jibu la kutisha.

Filamu hii ni sehemu ya tatu ya Histoires extraordinaires (1968), ambamo Roger Vadim, Louis Malle na Fellini kila mmoja alichukua hadithi ya Mmarekani Edgar Allan Poe. Toby, aliyeigizwa na Terence Stamp (1938–2025), ni mwigizaji wa Kiingereza aliyepata jina kwa tamthilia za Shakespeare, na sasa nyota yake inafifia kwa ulevi. Anaitwa Roma kucheza filamu ya kikauboi itakayomrejesha Kristo duniani; ujira wake ni gari la Ferrari. Akihojiwa kwenye televisheni, anasema kwamba hamwamini Mungu, bali Shetani anamwamini, na amekwisha kumwona: ni mtoto wa kike. Nasi tunamwona, na mpira wake mweupe.

Kwa jicho la mfasiri, hapa ndipo penye utamu. Katika hadithi ya Poe, iliyochapishwa mwaka 1841, Toby ni mropokaji ambaye kila kukicha humwekea Shetani dau la kichwa chake, na Shetani ni kizee kichechemeacho. Yote ni dhihaka. Fellini ameacha karibu kila kitu, akabakisha daraja, dau na kichwa. Wapo watakaosema huo ni uhaini. Mimi naiona ni tafsiri ya haki, kwani kizee yule hamtishi tena mtu. Lakini mtoto achekaye, asiyetaka ila mwenziwe wa kucheza naye, nani atamkatalia?

Kiini cha filamu kimo katika hafla ya kuwatunza wasanii. Toby, amelewa chakari, anaanza kughani maneno ya Macbeth aliyefiwa na mkewe. Wasomaji wa Kiswahili tunaujua uzito wake, kwani mwaka uo huo wa 1968 S. S. Mushi alitupatia tamthilia hiyo kwa lugha yetu, Makbeth. Toby anakatika njiani. Kisha anakiri mbele ya wote kwamba yeye si yule mwigizaji bora wanayemtukuza, na anatoka mbio kuliendea gari. Ukumbi uliokuwa na heshima tele kwa jina lake haukuwa na lolote la kumpa kwa ukweli wake.

Yafuatayo ni usiku, vichochoro, na sanamu za watu zilizosimama kando ya njia, hadi kwenye daraja lililobomoka. Ng'ambo yuko mtoto na mpira wake. Toby anauchochea mwendo. Hatuonyeshwi shingo ikikatwa. Tunaonyeshwa waya wenye damu, na mkono mdogo unaookota kichwa badala ya mpira.

Kasoro ipo. Watu wa Roma wamechorwa kama vinyago, hata hatujui kama alikuwapo mmoja aliyempenda Toby kwa dhati. Najua tunaona kwa macho ya Toby mwenyewe. Hata hivyo, laiti angalikuwapo huyo mmoja, msiba ungalizidi.

Nasema hivi kwa sababu nami niliwahi kuombwa jukwaani shairi lile lile la ujanani mwangu. Nikasahau ubeti mzima, nikaunga vina vya uongo, na makofi hayakupungua. Nilirudi nyumbani na hofu ambayo sikuwa na jina lake hadi nilipoiona filamu hii. Tangu hapo, kila tuketipo kughani, huwaombea washairi wetu, chipukizi na wakongwe, msikilizaji mmoja tu atakayenyanyuka na kusema: mwalimu, ubeti wa tatu umeuruka.