Orodha ya Wafalme 31: Yoshua, Sura ya 12

Katika kitabu cha Yoshua iko sura ambayo wasomaji wengi huiruka, na waalimu wengine huipita mbio kama mtu avukaye mchanga wa moto. Ndiyo sura ya 12, yenye orodha ya wafalme wa Kanaani waliopigwa na Waisraeli: wawili ng'ambo ya Yordani upande wa maawio ya jua, Sihoni na Ogu, kisha 31 upande wa magharibi, tangu Yeriko hata Tirza. Mimi nilipokuwa mtoto nalifundishwa kuikariri kwa moyo, na yule aliyesahau Yokneamu alisimamishwa mlangoni hata jioni. Juu ya maana yake hatukuambiwa hata neno moja. Hata nilipokuwa mwalimu mwenyewe, mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wafalme hawa hawakuwa na majina?" Sikuwa na la kumjibu, na kwa ajili ya swali lile nikaanza kuisoma sura hii upya.

Swali lilikuwa la haki. Katika sura ya 10 twawajua kwa majina yao: Adoni-sedeki wa Yerusalemu, Hohamu wa Hebroni, Piramu wa Yarmuthi, Yafia wa Lakishi, Debiri wa Egloni, tena Horamu wa Gezeri. Katika sura ya 11 wapo Yabini wa Hazori na Yobabu wa Madoni. Lakini wakifika sura ya 12 wote wamevuliwa majina yao, wamebaki na miji tu. Sihoni na Ogu peke yao ndio walioachiwa. Killa mstari umejengwa kwa namna ile ile: mfalme, kisha jina la mji, kisha neno la Kiebrania "ehad", yaani mmoja. Ni kama karani wa bohari ahesabuye magunia, akitia alama kwa killa gunia lipitalo. Hakuna sifa ya mshindi hapa wala tukano kwa aliyeshindwa. Msomaji akitafuta wimbo wa vita atausikia kwa Debora, si hapa. Hapa ni hesabu, na hesabu ina ukali wake.

Waandishi wa Kiyahudi wa kale waliuona ukali huo, wakauonyesha kwa macho. Katika magombo yao orodha hii huandikwa kwa safu mbili, maneno juu ya maneno, na nafasi tupu juu ya nafasi tupu. Talmudi ya Babeli, katika fungu liitwalo Megila, yaeleza kwamba nyimbo nyingine zote za Maandiko huandikwa kama matofali yaliyofungamana, nusu tofali juu ya tofali zima. Bali wafalme wa Kanaani, na wana kumi wa Hamani, huandikwa nusu juu ya nusu na zima juu ya zima, ili wasipate kuinuka tena baada ya kuanguka kwao. Fundi mwashi awaye yote atafahamu mara moja: ukuta ambao viungo vyake vimepandana hausimami. Nalimwonyesha fundi mmoja ukurasa ulioandikwa hivyo, naye hajui herufi moja ya Kiebrania, akasema, "Huu utaanguka."

Hata hesabu yenyewe haikukubaliwa na watu wote. Tafsiri ya Kiyunani ya kale, katika nakala yake kuu, yahesabu wafalme 29, si 31. Mahali pamoja tofauti yajulikana wazi: Kiebrania chasema mfalme wa Afeki, mmoja, na mfalme wa Lasharoni, mmoja, Kiyunani chafahamu Afeki ya Sharoni, mji mmoja na mfalme mmoja. Nadhani Kiyunani kina haki, kwa maana miji iliyoitwa Afeki ilikuwa mingi, na ilihitaji kupambanuliwa, na mji uitwao Lasharoni hautajwi popote pengine katika Maandiko. Tena yuko mfalme wa Goimu katika Gilgali, yaani wa mataifa. Gilgali tuijuayo iko karibu na Yeriko, lakini jina hili limewekwa kati ya Dori na Tirza. Kiyunani chasoma Galilaya, na mahali hapo Galilaya yafaa zaidi. Wafasiri wetu walifuata Kiebrania, wala siwalaumu. Ila maelezo mafupi pambizoni yangemsaidia mwalimu.

Sasa nije kwenye jambo kubwa. Sura ya 11 yamalizika kwa kusema kwamba Yoshua aliitwaa nchi yote. Sura ya 13 yaanza kwa Bwana kumwambia Yoshua mzee kwamba nchi iliyobaki kutwaliwa ni kubwa mno. Katikati ya maneno haya mawili ndipo ilipowekwa orodha yetu. Kisha Waamuzi, sura ya 1, yaleta orodha nyingine, ya miji ambayo wenyeji wake hawakufukuzwa: Taanaki, Dori, Megido, Gezeri, na Wayebusi wa Yerusalemu. Yote mitano tumekwisha kuihesabu katika Yoshua 12, mmoja, mmoja, mmoja.

Nimewasikia waalimu wakiliondoa jambo hili kwa kusema kwamba wenyeji walirudi baadaye. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Jawabu bora limo katika maneno yaliyoandikwa, kama tukisoma polepole. Sura ya 12 yasema wafalme walipigwa. Haisemi juu ya killa mmoja kwamba mji wake ulitwaliwa. Horamu wa Gezeri alikwenda kuisaidia Lakishi, akapigwa huko pamoja na watu wake, wala haikuandikwa kwamba Yoshua aliingia Gezeri. Adoni-sedeki aliuawa Makeda. Yerusalemu haikuguswa siku ile. Gezeri tunaiona tena katika 1 Wafalme 9, Farao akiitwaa na kuiteketeza na kuwaua Wakanaani wake, kisha kumpa binti yake, mkewe Sulemani, iwe zawadi ya arusi. Basi kumpiga mfalme ni jambo moja, na kuwa na mji ni jambo lingine, na mwandishi wa orodha alijua alichokuwa akihesabu.

Walakini jawabu hili halitoshi kwa miji yote, nami sipendi kulivuta mpaka likatike. Hohamu wa Hebroni aliuawa Makeda pamoja na wenzake wanne. Mistari michache mbele Yoshua aupiga Hebroni, na mfalme wake auawa tena. Kisha katika sura ya 15 ni Kalebu atwaaye Hebroni, na katika Waamuzi 1 ni kabila ya Yuda. Hapa yaonekana kwamba habari za namna mbalimbali zimekusanywa, na mkusanyaji hakutaka kutupa hata moja. Wala tusisahau miji isiyokuwamo. Shekemu haimo, ingawa ndiko Yoshua alikowakusanya Israeli wote mwisho wa maisha yake. Gibeoni haimo, kwa kuwa walifanya amani kwa hila. Tena katika habari zao wazee ndio wasemao, wala hatusikii mfalme.

Wachimbuaji wa magofu nao wana ushahidi wao. Kitabu cha Yoshua chataja miji mitatu tu iliyoteketezwa kwa moto: Yeriko, Ai na Hazori. Kwa hiyo atafutaye majivu katika miji yote 31 atafuta kitu ambacho kitabu hakikuahidi. Lakini katika hiyo mitatu, miwili yatutia taabu. John Garstang alichimba Yeriko tangu 1930 hata 1936, akatangaza kwamba ameuona ukuta ulioanguka siku za Yoshua, na makanisa mengi yakafurahi. Kathleen Kenyon akachimba tena tangu 1952 hata 1958, akaonyesha kwamba ukuta ule ulikuwa wa zamani zaidi kwa miaka ipatayo elfu, na kwamba mji uliharibiwa yapata 1550 K.K., na baadaye wakakaa pale watu wachache tu. Ai, mahali paitwapo leo et-Tell, palichimbwa na Judith Marquet-Krause tangu 1933 hata 1935. Ulikuwa mji mkubwa ulioanguka yapata 2400 K.K., ukabaki gofu tupu hata karibu na 1200 K.K. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni gofu. Hazori ni habari nyingine: Yigael Yadin alianza kuichimba 1955, akakuta mji mkubwa ulioteketea kwa moto mkali katika karne ya 13 K.K., na sanamu zilizokatwa vichwa na mikono. Ni nani aliyeuteketeza, wenye elimu wangali wakishindana. Mwalimu akiificha habari ya Yeriko na kuitangaza ya Hazori, wanafunzi watakuja kuijua siku moja kwa mtu mwingine, nao hawatamwamini hata juu ya Hazori.

Juu ya neno "mfalme" nina shauri. Mtoto wetu akilisikia huona taji, majeshi na nchi pana. Gofu la Yeriko lina eka zipatazo 10. Hazori eka zipatazo 200, na Yoshua 11 yasema kweli kwamba hapo zamani ndio uliokuwa kichwa cha falme hizo zote. Katika orodha wote ni mmoja na mmoja. Vibao vya udongo vilivyoonekana Amarna, Misri, mwaka 1887, ni barua za karne ya 14 K.K., na nyingi zimeandikwa na wenye miji hii hii: Yerusalemu, Gezeri, Lakishi, Megido, Hazori. Wanajiita watumwa wa Farao. Biridiya wa Megido aomba askari 100 wa kuulinda mji wake. Watu wa namna hii sisi wa pwani twawajua: ndio majumbe na madiwani wa Mrima, killa mji na wake. Mwenzangu mmoja alitaka tuandike "jumbe" mahali pa "mfalme". Nalikataa. Neno hilo liliharibika siku za Wadachi, jumbe alipofanywa mtumishi wa serikali chini ya akida. Tena Kiebrania chenyewe hutumia neno moja kwa Farao na kwa mfalme wa Yarmuthi. Neno libaki, na mwalimu aeleze. Amsomee mtoto habari ya Adoni-bezeki katika Waamuzi 1, aliyejisifu kwamba wafalme 70 waliokatwa vidole gumba waliokota makombo chini ya meza yake, naye atafahamu jinsi wafalme walivyokuwa wengi katika nchi ndogo.

Nayasema haya kwa kuwa orodha hii imetumiwa vibaya. Wako wahubiri katika Marekani, karne ya 17, waliowaita wenyeji wa nchi ile Wakanaani na Waamaleki, na shamba la jirani likawa halali. Na mwanafunzi wangu yule yule, baada ya swali la majina, aliuliza la pili: je, waliuawa wote? Hapo nalimfungulia 2 Samweli 24. Daudi amekwisha kuutwaa Yerusalemu, mji ambao mfalme wake ni wa tatu katika orodha. Naye Arauna, Myebusi, angali na kiwanja chake cha kupuria nafaka mle mle. Tena Kiebrania cha mstari wa 23 kina neno "mfalme" karibu na jina lake, hata wengine wamedhani kwamba yeye ndiye aliyekuwa mfalme wa mwisho wa Wayebusi. Arauna ataka kumpa Daudi kiwanja na ng'ombe bure. Daudi akataa, ampimia shekeli 50 za fedha.