Brashi Iliyoweka Mipaka ya Milki ya Osmani

Abraham Ortelius alipotoa atlasi yake, Theatrum Orbis Terrarum, mjini Antwerp mwaka 1570, ramani ya Milki ya Osmani iliyomo ndani yake ilitoka mtamboni ikiwa na wino mweusi tu. Wekundu, manjano na kijani tunavyoviona kwenye nakala nyingi vilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Kwangu mimi, huko ndiko kwenye ufundi mkubwa zaidi, kwa kuwa rangi ndiyo iliyomwonyesha msomaji dola ilianzia wapi na kuishia wapi.

Mchoro ulitegemea kazi ya Giacomo Gastaldi wa Venice. Ulichongwa kinyumenyume kwenye bamba la shaba. Wino ukasuguliwa ndani ya michirizi, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi ya matambara iliyoloweshwa kidogo ikakandamizwa juu yake. Kwa njia hiyo zilipatikana pwani, mito, miji, na milima iliyochorwa mithili ya vichuguu.

Kisha ikaja zamu ya mtia rangi. Ortelius aliijua vizuri kazi hiyo: mwaka 1547, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, aliandikishwa katika chama cha mafundi cha Antwerp kama mtia rangi wa ramani. Rangi ya maji ilichanganywa na gundi ya mti ili ishike, na karatasi ikapakwa maji ya shabu ili isinyonye rangi na kuitawanya. Katikati ya nchi rangi ilikuwa nyepesi, majina yasomeke. Kandokando ya mpaka ilikolezwa.

Brashi ilikuwa na uhuru ambao bamba halikuwa nao. Mwaka 1570 Saiprasi ilikuwa bado mali ya Venice; mwaka uliofuata Waosmani waliuteka mji wa Famagusta na kisiwa kikawa chao. Kubadilisha bamba ni kazi ya patasi na nyundo, lakini kukihamishia kisiwa upande wa pili kulihitaji rangi tofauti tu. Atlasi iliendelea kuchapwa hadi 1612, kwa hiyo ni kosa kuichukua mipaka ya rangi kuwa ushahidi wa mwaka ambao bamba lilichongwa.

Tena, nakala nyingi zilizouzwa bila rangi zilipakwa karne nyingi baadaye. Kijani husaidia kuzitambua. Kijani cha zamani kilitokana na kutu ya shaba iliyopatikana kwa siki, nacho huila karatasi polepole hadi alama ya kahawia ijitokeze upande wa nyuma. Dalili hiyo peke yake haitoshi kutoa hukumu, maana zilikuwepo kijani za aina nyingine, ila ndiyo ya kwanza kutafutwa. Kwa hiyo, ukitaka kununua ramani ya namna hii, omba itolewe kwenye fremu uitazame mgongoni kabla hujalipa.