Juu ya neno «kujiamini»

Katika tafsiri wanazotuletea wanafunzi wetu, maneno ya Kifaransa «avoir confiance en soi» hugeuzwa mara nyingi kuwa «kuwa na kujiamini». Msomaji ataelewa kinachokusudiwa. Lakini Kiswahili chatosheka kusema: anajiamini. Kifaransa kimeifanya hali hii kuwa kitu ambacho mtu anacho au hana, mithili ya fedha mfukoni. Kiswahili kimeifanya kuwa tendo, na tendo hilo lina mtendaji na mtendewa.

Yafaa tuutazame muundo wa neno lenyewe. Kitenzi -amini kina asili ya Kiarabu, nacho kina udugu na imani, amana na uaminifu. Tunaposema «ninamwamini», kiambishi -m- chamwonyesha mtu ambaye mwenendo wake umekwisha kujulikana, hata twaweza kumwachia amana bila hofu. Katika «ninajiamini», -ji- imekaa mahali pale pale pa mtendewa. Basi anayejiamini ni yule aliyejitazama kama ambavyo angalimtazama jirani, akajiona anafaa kukabidhiwa kazi fulani. Kwa sababu hiyo mtu aweza kujiamini katika kilimo na asijiamini katika hesabu, wala pasiwe na kasoro yoyote katika tabia yake.

Hapo ndipo neno hili linapoachana na kujisikia na kujivuna. Mwenye kujisikia hajajipima, amejikweza tu. Kujithamini nako ni jambo jingine, maana mtu aweza kuijua heshima ya utu wake huku akikiri kwamba kazi aliyopewa imemzidi.

Haya yangebaki kuwa mambo ya sarufi lau neno hili lisingetumiwa kuwahukumu watu. Katika utetezi wa tasnifu twasikia wakaguzi wakisema juu ya msichana aliyejibu kwa sauti ya chini, macho yakiwa mezani: «Hajiamini.» Katika jamaa zetu nyingi, kumkazia macho mkubwa wako ni utovu wa adabu. Mkaguzi ameona haya na heshima, kisha akaviita kwa jina la upungufu. Na yule kijana mwenye sauti kubwa, ambaye pengine hajajiuliza hata mara moja kama anayoyasema ni kweli, husifiwa kwamba anajiamini!

Sisi wenyewe tumewahi kulitumia neno hili vibaya. Mwanafunzi mmoja, katika mtihani wa mdomo, alinyamaza kitambo kirefu baada ya kuulizwa, nasi tukaandika pembeni ya karatasi: hajiamini. Jibu lilipokuja lilikuwa sahihi, tena alitutajia mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa na shaka. Alikuwa akijipima. Alama tulikuwa tumekwisha kuipunguza, na hatukuirudisha.