Makmende: Uigaji au Marejeo?

Mhakiki anayeiona "Ha-He" (2010), filamu fupi ya muziki ya kundi la Just a Band la Nairobi, kuwa uigaji mtupu wa sinema za mapigano za Wamarekani weusi za miaka ya 1970, hajalisikiliza jina la shujaa. Makmende ni kauli ya Clint Eastwood katika Sudden Impact (1983) kama ilivyotua masikioni mwa watoto wa mitaani, wakambandika mwenzao aliyejitia ubabe. Chimbuko, basi, ni michezo ya utotoni. Ndiyo maana filamu ilienea kwa tangazo "Makmende amerudi": kitenzi rudi, tena katika hali timilifu, kinamchukulia mtazamaji kuwa mwenyeji wake. Asiye mwenyeji huambulia ngumi tu, dhihaka ikampita.