"Kuua Bila Kukusudia": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Sheria ya Jinai

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi mbili ambazo wasomi wa lugha wamezipokea bila kuzipima: "kuua kwa kukusudia" na "kuua bila kukusudia". Watangazaji huzitumia, makarani na wakalimani wa mahakama huzitumia, na mwanafunzi wa sheria huzishika anapotakiwa kueleza kwa Kiswahili yale makosa mawili yaliyomo katika vifungu 203 na 202 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63. Tunadai kwamba fasiri hizi ni potofu pande zote mbili. Mfano wetu ni Kisii na Nyamira, kwa sababu huko Kiswahili mara nyingi ndicho daraja kati ya Ekegusii cha mshtakiwa na Kiingereza cha jaji.

Mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Kisii, kama mwenzake wa Nairobi, husoma kanuni za jinai kwa Kiingereza. Mapema kabisa hukutana na ile kanuni ya Kilatini isemayo kwamba tendo pekee halimtii mtu hatiani ikiwa moyo wake hauna hatia. Kisha hufundishwa kwamba "moyo" huo una vyumba vingi, na kwamba sheria haivichanganyi. Kukusudia jambo ni mbali na kujua kwamba litatokea. Na yote mawili ni mbali na sababu iliyomsukuma mtu kutenda. Kifungu 9 kinasema waziwazi kwamba sababu hiyo, kwa kawaida, haiathiri hatia. Mwanafunzi huyo huyo akitakiwa kuwaeleza wanakijiji mambo haya, vyumba vyote huwa chumba kimoja kiitwacho "nia".

Hapana budi tukumbuke neno hili limetoka wapi. Mwislamu wa pwani hutia nia kabla ya kufunga na kabla ya kusali. Nia ndiyo inayoipa ibada thamani yake. Kwa hiyo neno limebeba kusudi pamoja na wema au ubaya wa kusudi hilo. Sheria haitaki mzigo huo wa pili. Mtu aliyemwua jirani akiamini anawaokoa watoto wake anaweza kuapa kwa dhati kwamba hakuwa na nia mbaya. Amesema kweli kuhusu sababu, lakini kuhusu kusudi hajasema neno.

Tuanze na "kuua kwa kukusudia". Kifungu 206 kinataja hali kadhaa zinazolifanya kosa kuwa la kifungu 203. Mojawapo ni kukusudia kuua au kudhuru vibaya. Nyingine ni kujua kwamba tendo huenda likaua au likadhuru vibaya, hata kama mtendaji hakujali lolote, au hata alitamani lisitokee. Mtu huyu wa pili hakukusudia kifo kwa maana yoyote ambayo Mswahili angeikubali. Lakini kwa Kiswahili cha mahakama ataambiwa kwamba ameua kwa kukusudia. Wanaopendelea "kuua kwa kupanga" wanazidisha kosa, maana kifungu hakidai mpango wowote.

Upande wa pili ndio wenye hatari kubwa zaidi. Kifungu 207 kinampunguzia kosa mtu aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla kwa sababu ya uchokozi, kabla ghadhabu hiyo haijapoa. Mtu huyo alikusudia kuua. Sheria inampunguzia licha ya kusudi hilo. Angalia kesi maarufu ya Fabiano Kinene, iliyotoka Uganda na kuamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1941. Washtakiwa walimkuta mtu usiku akitambaa uchi kiwanjani, wakaamini yumo katika uchawi, wakamwua. Mahakama ilikubali kwamba hali ile ingeweza kuwa uchokozi, ikapunguza kosa. Punguzo hilo halikutokana na kukosekana kwa kusudi. Na mwaka 1951, katika kesi ya Eria Galikuwa, mahakama hiyo hiyo ilibana mlango: hofu ya uchawi peke yake, pasipo tendo la marehemu mbele ya mshtakiwa, haitoshi. Katika kesi zote mbili swali lilihusu uchokozi. Mwenye kuzisoma kwa istilahi zetu atalitafuta swali hilo mahali lisipokuwa.

Gusii inalijua jambo hili kwa uchungu. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake, waliteketezwa huko Kisii kwa kushukiwa kuwa abarogi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Hatuzitaji kesi hizi ili kuwatetea wauaji, wala hatusemi walivyojitetea. Tunauliza tu: mshtakiwa wa kesi kama hizi husikia nini mkalimani anaposema?

Tumchukue mshtakiwa wa kubuni mbele ya Mahakama Kuu, Kisii au Nyamira. Kifungu 198 cha Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaifanya lugha ya mahakama hiyo kuwa Kiingereza, na Katiba ya 2010 inampa haki ya mkalimani. Upande wa mashtaka umekubali, kwa mapatano, kuteremsha kosa kutoka 203 hadi 202. Mkalimani anamwambia: sasa unashtakiwa kwa kuua bila kukusudia, je, ni kweli? Goita kwa Ekegusii, kama kuua kwa Kiswahili, hakusemi lolote juu ya moyo wa mwuaji; ni mkalimani aliyeongeza kusudi na kulikanusha. Mshtakiwa mkweli atajibu kwamba alikusudia, kwani yule alikuwa omorogi. Mapatano yanavunjika, na kifungu 204 chenye adhabu ya kifo kinarudi mezani. Hukumu ya Muruatetu ya 2017 iliondoa ulazima wa adhabu hiyo, haikuiondoa adhabu yenyewe. Mwenzake mjanja atajibu "ni kweli" na kufaidika kwa uongo alioandaliwa na istilahi. Kesi ya Adan ya 1973 ilitaka kila kiungo cha shtaka kielezwe katika lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Hapa lugha anaielewa barabara. Kilichoelezwa ndicho si shtaka.

Fasihi yetu haikutusaidia sana. Tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) na *Simu ya Kifo* (1965), riwaya ya upelelezi imetuzoeza kuuliza nani aliua. Aliua kwa moyo gani ni swali ambalo mpelelezi humwachia hakimu asiyeonekana kitabuni.

Tufanyeje basi? Majina ya Kiingereza ya makosa haya hayaelezi kitu kwa msikilizaji wa kawaida, na hiyo ndiyo faida yake: jina lisiloeleza halidanganyi. Tunapendekeza "uuaji mkuu" na "uuaji uliopunguzwa". La kwanza ni baridi. La pili halimfai aliyeua kwa ajali ya uzembe, ambaye hakupunguziwa chochote, naye huenda akahitaji jina lake la tatu. Ndani ya maelezo, "kusudi" libaki kwa kusudi, "kujua" kwa kujua, na "sababu" kwa kile kilichomsukuma mtu. "Nia" iachiwe wenye kusali. Wenzetu wa Tanzania, ambao sheria yao ya 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wanazitumia istilahi hizi hizi, na kwao zinaingia katika hukumu zenyewe. Hadi mabaraza ya lugha yatakapokubaliana, mkalimani wa Kisii angefanya vizuri kuliacha jina la kosa kabisa na kumsomea mshtakiwa viungo vyake kimoja kimoja: kwamba ulimpiga, kwamba alikufa kwa pigo hilo, kwamba ulitaka afe au ulijua huenda akafa, na kwamba alikutendea jambo hili mbele ya macho yako.