Programu hubadilika kwa wiki, kitabu cha MTUHA kwa miaka

Mwezi unapoisha, wauguzi wa zahanati za Kahama hufungua vitabu vya MTUHA, rejesta za taarifa za huduma za afya: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha waliojifungua. Wanahesabu mstari kwa mstari, wanajaza fomu ya mwezi, fomu inakwenda halmashauri, na huko tarakimu zinaingizwa kwenye DHIS2, programu ya takwimu za afya. Mama wa Nyasubi, mjini Kahama, aliyempeleka mwanawe kliniki kuchanjwa hana sababu ya kujua kwamba chanjo ile imeingia katika programu inayotumika katika nchi zaidi ya 70. Lakini kwa sisi tunaojenga mifumo, namna programu hiyo ilivyojengwa ni somo kubwa kuliko mengi tunayofundishwa darasani.

Historia ya ujenzi wa programu inayofundishwa huanzia Marekani. Mwaka 1970 Winston Royce alichora mtiririko wa hatua, kutoka mahitaji hadi usanifu, msimbo na majaribio, na katika makala hiyo hiyo akaonya kwamba kuufuata bila kurudi nyuma ni hatari. Mchoro ulishika, onyo likasahauliwa. Miaka ya 1990 Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakaleta mbinu ya Skramu, Kent Beck akafanya kazi kwa duru fupi katika programu ya mishahara ya Chrysler, na Februari 2001 watu 17 wakakutana Snowbird, Utah, wakaandika Ilani ya Ajaili. Kiini chake ni hiki: toa kipande kidogo kinachofanya kazi, kiweke mikononi mwa mtumiaji, msikilize, rekebisha, toa tena.

Ukoo wa DHIS2 ni mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kristen Nygaard, mmoja wa waliobuni lugha ya programu ya Simula, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma nchini Norwei. Alishikilia kwamba anayetumia mashine ana haki ya kushiriki kuibuni. Fikra hiyo ilikua katika Chuo Kikuu cha Oslo, na Jørn Braa akaibeba hadi Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, nchi ilipokuwa inaunganisha idara za afya zilizogawanywa kwa rangi. Yeye na Calle Hedberg walianza na wilaya chache za Rasi ya Magharibi. Hedberg aliandika toleo la kwanza la DHIS kwa Microsoft Access, chombo cha kawaida cha ofisini, akaketi na watumiaji, akabadilisha, akarudi. Majaribio hayo yalikwisha 1998, miaka mitatu kabla ya Snowbird.

Jambo ninaloliheshimu zaidi katika kazi yao ni kanuni ya mgawanyo. Taifa linakubaliana takwimu chache za lazima. Mkoa unaweza kuongeza zake, wilaya zake, kituo zake, mradi zile za lazima zisiguswe. Bila kanuni hiyo kila ombi la wilaya lingekuwa vita ya kitaifa, na duru fupi zingekufa mapema.

Tanzania iliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tatizo la awamu ile lilikuwa la kimuundo: kila kompyuta ilikuwa na nakala yake ya programu na hazina yake ya data. Rekebisho lililoandikwa leo lilihitaji mtu kusafiri nalo, kulisakinisha, kisha kwenda wilaya nyingine. Kasi ya mwandishi wa msimbo ilikuwa kubwa, lakini kasi ya mfumo ilikuwa ile ya basi la mkoani. Toleo la pili, yaani DHIS2, lililoandikwa upya kwa Java kama programu ya chanzo huria, lilikusudiwa kufanya kazi kwenye wavuti, nalo lilipata bahati ya wakati: mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2011 Kenya ikaendesha mfumo wake wa taifa kwa intaneti, kwenye seva moja. Tanzania ilijaribia mkoa wa Pwani, na kufikia mwisho wa 2013 mfumo ulikuwa umesambaa mikoani. Tangu hapo kosa linasahihishwa mara moja na Kahama inaliona rekebisho sawa na Kibaha, mkoani Pwani.

Zanzibar ilitoa kipande ambacho wengi hukiruka. Katika warsha zao za kila robo mwaka, timu za wilaya na za programu za afya zilisimama na kueleza takwimu zao wenyewe, wenzao wakazihoji. Hapo ndipo ilipoonekana fomu ipi inarudia nyingine na swali lipi linajazwa bila mtu kulisoma. Kwa maoni yangu hakuna kikao cha mapitio cha Skramu kinachoizidi kazi hiyo.

Sasa nije pale mbinu inapogota. Seva moja ina mamlaka moja. Kasi iliyopatikana Dar es Salaam ilipunguza uhuru wa wilaya, kwa sababu anayeongeza takwimu mpya ni msimamizi wa mfumo wa taifa. Na hata akikubali, kazi yake ya dakika chache kwenye skrini haina maana kama hakuna safu ya kuibeba nambari hiyo kitabuni. Kahama ni mji wa dhahabu, kati ya mgodi wa Bulyanhulu na ule wa Buzwagi uliofungwa 2021. Watu hufuata machimbo na huhama nayo. Zahanati ikitaka kutenganisha watoto wa wakazi na wa wapita njia ili asilimia ya chanjo, inayopigwa kwa idadi ya wakazi, isivuke mia, inahitaji safu mpya. Safu mpya ni kuchapa, kusambaza na kufundisha wauguzi upya.

Linganisha na m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito ulioanzia Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa 2022. Mpokea simu wa 115 huuliza maswali akiongozwa na programu, jibu linaingia palepale. Swali likibadilishwa, hakuna kitabu cha kusubiri.

Si kila zahanati itapata kompyuta kesho, na GoTHOMIS, mfumo wa kielektroniki wa TAMISEMI kwa vituo vya afya, bado ina safari. Lakini kanuni ya mgawanyo inaweza kuhamia kwenye karatasi. Kila kitabu cha MTUHA kinachochapwa upya kiachiwe safu mbili au tatu tupu, halmashauri izipe kazi yenyewe kila mwaka, na ndani ya DHIS2 iwepo fomu ya halmashauri ya kuzipokea.